Kadi ya Harusi Iliyofunga Kiwanda cha Mikate

Wanangu, mkifika kiwandani kwetu Temeke mkamwona mtu mzima simu yake inalia mlio wa ujumbe, anaitazama bila kuigusa, halafu anampigia aliyemtumia na kumuuliza, "Ni wewe uliyetuma?", msimcheke. Ndiyo desturi ya pale. Ina mwanzo wake, na mie nilikuwepo.

Nilikuwa fundi wa nyaya. Shule yangu iliishia darasa la saba, huko Upareni, na kiwanda cha mikate kiliniajiri kutengeneza matanuri. Kompyuta zilikuja baadaye. Kwa kuwa nazo zilikuwa na nyaya, wakanikabidhi mimi. Wengi wa umri wangu tuliingia kazi hii hivyo hivyo, hakuna aliyetuuliza kama tunaitaka.

Aliyenifundisha ni Dada Sakina. Namwita dada kwa heshima ya kazi, kwa umri ni sawa na binti yangu. Kiwanda kilianzishwa na baba yao, na yeye na kaka yake Murtaza ndio walioshika usukani. Ni familia ya Kihindi, Washia, wazaliwa wa mji huu, Kiswahili chao cha mjini kabisa. Mwezi wa Muharram walikuwa wanaweka ndoo za sharubati getini, na sie wafanyakazi, wa msikitini na wa kanisani, tunakunywa mpaka matumbo yanacheza.

Sakina alisomea kompyuta, na siku aliyoanza kazi alikuta paswedi ya kiwanda imebandikwa kwa gundi ya karatasi juu ya kioo cha kompyuta. Ilikuwa "mkate".

"Baba Neema," akaniuliza, "hii nani anaijua?"

"Wote."

"Mpaka madereva?"

"Madereva ndio walioichagua."

Alikaa chini akacheka mpaka akatoa miwani. Nikajua nitaelewana na huyu. Mwalimu anayekuja na hasira unamwogopa, na ukimwogopa humwambii kilichoharibika.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuhusu diski ya akiba. Tulikuwa nayo, kubwa na nzuri, imechomekwa kwenye seva siku zote. Siku moja akaniuliza, "Moto ukiwaka chumba hiki, hiyo diski itapona?" Nikamwambia itaungua. "Sasa hiyo ni akiba ya nini?" Tangu hapo zikawa mbili, zinapokezana kila Ijumaa. Moja kazini, nyingine kwangu Tabata. Ilifungwa kwa neno la siri, hata mwizi akiichukua asingeweza kuisoma.

Nyumbani aliitunza mke wangu, Mama Neema. Aliifunga kwa kanga, akaiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni. Nikamuuliza kwa nini humo. Akasema, "Kabati hili mjukuu hafungui, wewe hufungui, hata mie nafungua Krismasi tu." Sakina aliposikia akasema hakuna ghala salama kama hilo mkoa mzima.

Basi, ile siku. Ilikuwa Alhamisi, tumetoka kunywa chai ya asubuhi. Kinyunya kimeshaumuka kwenye trei, matanuri yamepamba moto, na nje vijigari vya kirikuu vimejipanga kungoja mzigo wa Bunju, Kibamba na kwingineko. Wateja wote, maduka, shule, hoteli, walikuwa ndani ya kompyuta: nani anataka mingapi, ya aina gani, inafika wapi. Mezani pa oda alikaa Upendo, binti mpole mwenye sauti ya kwaya, aliyekuwa anaolewa mwezi uliofuata. Kiwanda kizima tulikuwa tunaisubiri harusi ile kama yetu.

Mara kioo cha Upendo kikawa chekundu. Kikafuata cha uhasibu. Halafu cha stoo. Maandishi ya Kiingereza: mafaili yenu tumeyafunga, lipeni ndipo tufungue.

Sakina alitoka ofisini mbio, viatu mkononi. "Chomoeni nyaya za mtandao! Msizime mashine! Chomoeni tu!"

Hapo mshike neno, vijana. Mtu akiona balaa kwenye kompyuta, mkono wake unakimbilia kitufe cha kuzima. Ukizima, zile alama za mwizi zilizobaki ndani ya mashine zinapotea. Ukichomoa waya wa mtandao unamkata njia asiende mashine nyingine, na alama unabaki nazo. Kama ni mtandao wa hewani, zima kile kisanduku kinachourusha. Mie nilikimbia chumba hadi chumba nachomoa kama mtu anayeng'oa mihogo. Mashine chache tuliziwahi. Seva hatukuiwahi.

Na diski ya kazini, iliyokuwa imechomekwa kwenye seva, ilikwenda nayo. Ikabaki moja tu, ile ya kabatini kwangu.

Bosi Murtaza akaingia. Ni mtu mwema, lakini hasira yake ina miguu, inafika kabla yake. Akasimama katikati ya ofisi na kusema, "Aliyefungua huu uchafu nikimjua, leo leo anatoka getini!"

Watu wakainamia meza zao.

Sakina akamvuta pembeni, karibu na niliposimama na fungu la nyaya. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, umenifungia mlango. Sasa nani ataniambia?"

"Akuambie ili iweje? Chomeka diski ya Baba Neema, tuendelee."

"Nikiichomeka na huyu mdudu bado yumo, anaila na hiyo. Hatuna nyingine. Lazima nijue ameingilia mashine gani, kwa kitu gani, saa ngapi. Bila hivyo siigusi."

Mnaona tulipofika? Kiwanda kizima kilikuwa kinaning'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja, na mdomo ule ulikuwa umefungwa kwa hofu.

Nikampigia mke wangu alete diski. Akaja na bajaji kutoka Tabata, kikapu mkononi, diski imefungwa kwenye kanga yake, na juu yake fungu la mchicha. Nilipomuuliza baadaye mchicha wa nini, alisema, "Ulisema kitu cha thamani. Nani anaiba mchicha?"

Getini alikutana na Side, dereva wa njia ya Bunju, mtu wa maneno mengi.

"Shikamoo mama. Ingia taratibu, humo ndani kama msibani."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Kompyuta zote, mama. Ukoo mzima."

Mama Neema akaingia. Akawakuta wanawake wa kufunga mikate wameketi sakafuni, mikono mashavuni. Wahasibu wanatazamana. Simu za wateja zinalia, hakuna anayepokea. Murtaza anazunguka, Sakina anajibu watu sita kwa mpigo huku anajaribu kufikiri. Mke wangu akaweka kikapu mezani, akatazama huku na huku.

"Hapa pamefiwa," akasema, "lakini hapana kamati."

Mjue kwamba mke wangu alikuwa mtu wa misiba. Mtaani kwetu mtu akifariki, kabla turubai halijafika, Mama Neema ameshafika. Anajua nani apike, nani akae getini kuwaelekeza watu, nani apige simu kwa ndugu wa mikoani. Alikuwa anacheka sana yule mwanamke, na hata msibani alijua saa ambayo watu wanahitaji kuchekeshwa.

Akamgeukia Sakina. "Mwanangu, wewe na kaka yako ndio wafiwa?"

"Tunaweza kusema hivyo, mama."

"Mfiwa hapokei simu. Mfiwa hapiki. Kwa nini unapokea simu?"

Sakina akamtazama, halafu akafungua droo na kutoa karatasi zake. Mpango aliouandika mwenyewe, mzuri sana: ukivamiwa, nani aongoze, nani aseme na wateja, nani aandike kila kinachofanyika, nani aende polisi. Akasema, "Mama, yote yamo humu. Na wote wameshasomeshwa."

Mama Neema akaupitia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeandika vizuri kabisa. Ila hili wamelisoma mara moja. Msiba wameufanya maisha yao yote. Hebu tuwaambie kwa lugha hiyo."

Sakina akaanza kutabasamu. Akapanda juu ya kreti la mikate na kusoma mpango wake upya, ila sasa kila cheo akikitafsiri kimsiba. "Msemaji wa familia ni Side, anakaa getini. Mpishi mkuu ni Bosi Murtaza: mikate lazima iokwe. Wa kupiga simu kwa ndugu ni uhasibu, na ndugu ni wateja. Mwandishi wa daftari la msiba, stoo. Baba Neema na mimi tunakaa na maiti."

Hapo watu wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu kioo cha kwanza kiwe chekundu. Na waliposimama kila mmoja alikuwa anajua aelekee wapi. Wahasibu wakachukua simu zao za mkononi. Madereva walikuwa na namba za wateja wao, wakazitaja, oda zikaandikwa upya juu ya karatasi za kufungia mikate. Side akapewa maneno ya kusema, yale yale kwa kila mtu: "Wezi wa mtandaoni wametufungia kompyuta. Mikate ipo. Leo tunaandika kwa mkono, tuvumilieni." Alitamani kuongeza chumvi, Sakina akamkataza. Mteja akishapewa maneno mawili tofauti, la tatu haliamini.

Lakini la kwetu lilikuwa bado. Nani kafungua nini?

Hapo ndipo Mama Neema alipofanya jambo ambalo mie, baada ya miaka yote, naona ndilo kubwa kuliko nyaya zangu zote. Alianza kupita meza kwa meza anawapa watu mkono. "Pole." Anakwenda kwa mwingine. "Pole, mama. Pole sana." Hakumuuliza mtu kitu. Hata Murtaza, aliyetoka tanurini na unga mpaka kwenye nyusi, akapewa pole yake, akaipokea kwa mikono miwili kama mtoto.

Alipofika kwa Upendo akamshika mkono. "Pole, mwanangu." Upendo akaangua kilio.

"Mama, ni mie."

Vichwa vyote vikageuka.

"Ni mie. Ilikuja kadi. Kwenye barua pepe, imeandikwa kadi ya mchango wa harusi. Nilikuwa naisubiri kadi yangu kwa yule kijana anayeidizaini, nikadhani ndiyo. Nikafungua, haikutoka picha. Nikafungua tena. Ilikuwa kabla ya chai." Akamtazama Murtaza. "Bosi, nisamehe. Nitachukua mkoba wangu."

Nyie mnaishi mji huu, mnajua. Nani hapa hajaletewa kadi ya mchango? Harusi, kipaimara, sendoff, ubatizo. Kuacha kufungua kadi ya mtu ni kumdharau. Yule mwizi, popote alipokuwa, alikuwa ametusoma. Mlango wetu aliufungua kwa adabu yetu wenyewe.

Sote tukamgeukia Murtaza. Na yeye amesimama, unga usoni. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake, akaisoma, akaiweka mezani mbele ya dada yake.

"Kadi yenyewe ni hii?"

Upendo akachungulia. "Ndiyo hii."

"Imenijia jana jioni. Nimeifungua mara nne. Haikufunguka."

"Ni ya kushika kompyuta, kwenye simu haifanyi kazi," Sakina akasema. "Ungeifungulia ofisini..."

"Najua." Akajikuna nyusi, unga ukamwagika. "Nilitaka kujua ni mtoto wa nani anaoa." Akavuta pumzi. "Upendo, kama wewe unatoka getini, tunatoka wawili. Na mie ndiye mwenye gari, itabidi nikupe lifti."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni Mama Neema. Nakumbuka tu kwamba Upendo alikuwa analia na kucheka, na Murtaza akamwambia, "Kaa chini, mwanamke. Mwonyeshe dada yangu kila ulichobonyeza."

Basi mambo yakanyooka. Kwa kuwa tulijua mashine ya kwanza, kadi yenyewe na muda wake, Sakina aliweza kufuata nyayo: kutoka meza ya oda hadi uhasibu, kutoka uhasibu hadi seva. Polisi walikuja, wakachukua nakala za ushahidi wao. Tukafuta mashine moja baada ya nyingine, tukaziwekea kila kitu upya, paswedi zote zikabadilishwa. Hatukuwalipa wale wezi. Sakina alipohakikisha pamesafishika ndipo akasema, "Baba Neema, lete kanga." Nikaifungua kanga, nikachomeka diski. Kikaanza kuwaka kile kitaa chake kidogo cha kijani. Sijawahi kuomba kanisani kama nilivyoomba mbele ya kile kitaa.

Oda za wiki ile zilipotea, kwa sababu diski ilikuwa ya Ijumaa iliyopita. Nyingine zote zikarudi.

Na mikate ilitoka. Haikutoka sawasawa, nakiri. Shule moja ilipata skonzi badala ya mikate, watoto wakaomba makosa yarudiwe. Hoteli moja ilipelekewa mara mbili kwa sababu waliandikiwa na watu wawili. Lakini hakuna kinyunya kilichotupwa. Jioni yake mwenye duka mmoja wa Bunju alifika getini na kilo mbili za sukari. Side akamuuliza za nini. Yule mzee akasema, "Nimesikia mmefiwa. Siwezi kuja mikono mitupu." Tulizitia kwenye chai pale pale, tukanywa na mikate ya moto, Murtaza ndiye aliyemimina.

Baada ya siku ile Sakina hakuacha mpango wake ulale kwenye droo. Mara kwa mara alitutumia kadi za uongo bila taarifa, kutupima. Ukifungua, huadhibiwi. Unanyanyua mkono na kusema, na ofisi nzima inakujibu, "Pole!" Wa kwanza kuripoti anapewa boksi la skonzi. Side aliripoti mpaka matangazo ya hali ya hewa.

Kuna wageni, wasomi wa kampuni fulani, walikuja kutuuliza inakuwaje kwetu taarifa inafika haraka hivyo, wakati kwao watu wanaficha mpaka nyumba imeungua yote. Sakina aliwaeleza mitambo yake, na mitambo ilikuwa mizuri kweli. Halafu akawaambia, "Na huwa tunaanza na pole." Mmoja akaandika, akauliza neno hilo ni kifupi cha nini.

Harusi ya Upendo ilifanyika. Kadi yake ya kweli ilipokamilika, aliituma kwa wote kiwandani kwenye simu. Hakuna aliyefungua hata mmoja! Akapigiwa simu mfululizo: "Upendo, ni wewe uliyetuma?" Mwishowe alichapisha za karatasi, akazunguka meza kwa meza na kuzigawa kwa mkono, huku anatutukana kwa upendo. Yangu ilikuwa ya dabo, ya watu wawili: Baba Neema na mwenzi wake. Ukumbini Mama Neema alimtoa Murtaza kwenda kucheza. Bosi alikuwa hajui kucheza kabisa. Alicheza mpaka mwisho.

Mke wangu alifariki baada ya mie kustaafu. Sitalisema sana hilo. Nitasema tu kwamba sikupokea simu hata moja siku zile, wala sikujua chakula kimetoka wapi. Side alikaa getini. Mikate ilikuja na kirikuu. Alhamdulillahi, kama wanavyosema wenzetu, na sie tunasema Mungu ni mwema.

Sasa nakaa Kibamba, kwa Neema. Juzi simu yangu ililia. Nikatazama: Upendo, na chini yake kadi. Vidole vikataka kufungua. Nikavizuia. Nikampigia.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba. Ni wewe uliyetuma?"

Akacheka ile sauti yake ya kwaya. "Ni mie, baba. Fungua. Ubatizo wa mwanetu wa pili."

Nikafungua. Kadi nzuri, ina picha ya mtoto wa kike mnono amekunja uso kama anadaiwa usingizi. Pembeni imeandikwa: Dabo.

"Upendo," nikamwambia, "mie siku hizi ni mmoja."

"Najua, baba. Tumeandika makusudi. Mtoto tumempa jina la mama. Njoo na kanga yake, ile ya diski. Nataka nimfungie nayo siku hiyo."

Nikaenda kufungua lile kabati la vyombo vya wageni, nililohama nalo. Sahani zote zilikuwa mahali pake, na kanga imekunjwa juu yake.

Ubatizo ni Jumapili. Nitaipeleka mwenyewe, kwa mkono.